Trekta Aliyeomba Chumba Juu ya Injini

Mtaani kwao hakuna aliyemwita kwa jina lake. Wateja walimwita Fundi, kwa sababu alitengeneza makochi. Majirani walimwita Trekta, kwa sababu ya kukoroma. Majina yote mawili aliyaitikia kwa uso uleule, nywele zimejaa vumbi la sponji na pini mbili tatu zimebanwa kwenye kona ya mdomo. Ukimwamkia, "Shikamoo, Trekta," alizitoa pini kwanza, akakuitikia marahaba, kisha akazirudisha mahali pake.

Karakana ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Makochi ya watu yalikaa humo yakiwa yamevuliwa vitambaa, mbavu nje, yakisubiri zamu. Marobota ya sponji yalipangwa mpaka darini, na kwa kuwa sponji hula sauti, ukiingia mle ulihisi kama mtu amekuziba masikio kwa viganja vya joto. Hapo ndipo Fundi alipopata usingizi. Kila kochi lililokamilika alilijaribu mwenyewe kwa kulilalia muda mrefu, macho ameyafumba. Wateja walimsifia sana. "Fundi yule hakupi kochi mpaka alisikilize springi moja moja," walisema. Kumbe mwenzao alikuwa anafidia usiku.

Kwa sababu, na hili mtaa mzima haukulijua, Trekta hakuwa anakoroma. Aliyekoroma ni mkewe.

Mkewe alikuwa mwalimu, baadaye mwalimu mkuu, mwanamke mwembamba aliyepiga pasi hadi vitambaa vya kufutia vumbi. Sauti yake ilikuwa ndogo, na darasa zima liliinamisha vichwa ili lisiipoteze. Mtu wa namna hiyo, ukiambiwa anakoroma, utamkatalia anayesema. Lakini akishajinyoosha chali na usingizi ukamchukua, ee bwana! Ilianza kama mtu anayeburuta kabati kwenye sakafu ya saruji. Ikapanda. Ikanyamaza ghafla, ukadhani imekwisha, kumbe ilikuwa imeenda kuwaita wenzake.

Walipooana walipanga chumba kimoja kwenye nyumba ndefu ya wapangaji, kuta za mbao nyembamba, bomba moja uani. Asubuhi ya kwanza wapangaji walikutana bombani na ndoo zao, macho mekundu.

"Jamani," akauliza dereva mmoja wa malori aliyekaa chumba cha tatu, "ni nani aliyekuwa anawasha trekta humo ndani?"

Bibi harusi alikuwa amesimama pale na ndoo mpya. Alimgeukia mumewe kwa uso wa mtu ambaye naye angependa kujua. Fundi aliutazama uso ule, safi, bado una wanja wa jana, na akaona jinsi ambavyo ungebadilika baada ya kupepesa macho mara moja.

"Ni mimi," alisema. "Mtanisamehe, nimezaliwa nalo."

Wapangaji waliangua kicheko. Aliyecheka kuliko wote ni mkewe, akamwekea mkono begani na kumwambia, "Pole, mume wangu." Kuanzia siku ile gia ya kurudi nyuma haikupatikana tena.

Alitibiwa kwa bidii. Daktari alimmulika puani kwa tochi, akasema pua ile ni nzuri kuliko yake, lakini kwa kuwa mke alisisitiza, akamwandikia dawa ya matone. Aliyatia matone yale miaka na miaka, akipiga chafya. Shemeji alimshauri ashone mpira mdogo kwenye mgongo wa fulana ili asilale chali. Aliushona mwenyewe, kwa mshono mzuri. Marehemu mama mkwe, wakati wa uhai wake, alimshika bintiye mikono na kumwambia mbele ya watu, "Mwanangu, una moyo." Wakienda ugenini, Fundi alitangaza mlangoni kabla hajaweka mzigo chini, "Jamani, mimi nakoroma, mnivumilie." Watoto nao walikua wakisikia trekta upande wa pili wa ukuta, na hakuna mtoto anayekwenda kuchungulia ni mzazi yupi.

Kwa nini alifanya hivyo? Hakuwahi kujieleza vizuri hata kwa nafsi yake. Aliwafikiria tu wale watoto wa shule, mamia yao, ambao kutwa nzima walimchunguza mkewe wakitafuta ufa wa kuchekea. Asingewapa ule.

Mwalimu alipostaafu, watoto wao wakubwa walikubaliana kumpa zawadi: wiki moja ndani ya meli ya matembezi, ya kwenda, kuzunguka na kurudi, yeye na mumewe. Binti yao wa mwisho ndiye aliyewapeleka kwa wakala wa safari kuchagua chumba. Ofisi ilikuwa na feni iliyozunguka bila kutoa upepo, na msichana mwenye kucha ndefu aliyetandaza ramani ya meli mezani.

"Shikamooni. Haya, mama, mnapenda chumba cha namna gani?"

"Marahaba. Cha kimya," alisema Mwalimu. "Dirisha si lazima. Kibaraza si lazima. Bahari nitaiona nikitoka nje. Nataka kimya."

"Basi tuanze na vya kukwepa." Ukucha ulitembea juu ya ramani. "Hivi viko chini ya ukumbi wa dansi, viatu vya watu vitacheza juu ya vichwa vyenu. Hivi viko karibu na lifti, hapo watu wanaitana kama wamepotezana sokoni. Hivi viko chini ya jiko, vigari vya vyombo vinaanza kusukumwa kabla hamjaamka. Na hivi vya nyuma kabisa, chini, kwa kweli wazee huwa hatuwapi."

Fundi aliinama juu ya ramani. "Huku nyuma kuna nini, binti yangu?"

"Injini, mzee."

"Zinanguruma?"

"Sana. Kitanda chenyewe kinatetemeka."

"Zinanguruma mfululizo, au zinapumzika?"

"Hazipumziki mpaka bandarini."

"Hiki hapa kinatufaa," alisema Fundi, akaweka kidole.

Msichana alimtazama Mwalimu, Mwalimu akamtazama mumewe. "Baba watoto, umesikia alichosema?"

"Nimesikia. Mimi napenda injini."

"Tangu lini?"

"Tangu utotoni. Sikupata tu nafasi ya kusema."

Binti yao alijishika tumbo. "Baba, wewe ukikoroma juu ya injini, nahodha atadhani ana injini ya akiba!"

Wote walicheka, na Fundi akacheka nao, kidole bado kiko palepale. Mwalimu alikiondoa taratibu, kama alivyozoea kuondoa kidole cha mtoto kwenye jibu lisilo sahihi. Fundi hakukata tamaa. Alijaribu chini ya ukumbi wa dansi ("Dansi inachangamsha damu"), akajaribu karibu na lifti ("Miguu yangu hii"), akajaribu hata chini ya jiko. Kila alipoweka kidole, kiliondolewa.

Mwishowe ukucha wa msichana ulitua katikati ya meli, ghorofa ya chini, kwenye ujia mfupi usio na pa kutokea. "Hapa, mama. Juu vyumba, chini vyumba, pembeni vyumba. Hakuna lifti, hakuna muziki, hata mawimbi hamtayahisi sana. Ujia huu wanauulizia wenyewe wale wasiopenda kelele. Mtu akikohoa chumba cha kwanza, wa mwisho anamwambia pole."

Fundi alihisi jasho likimshuka mgongoni, mahali ulipokuwa ule mpira. Aliuona ujia mzima umejaa watu wanaoamshwa na kikohozi, na katikati yao mkewe amelala chali.

"Ila kwa kuwa mzee anakoroma," msichana aliendelea kwa adabu, "mnaweza kuchukua vyumba viwili. Mama apate kimya chake, mzee apate injini zake."

"Viwili ni sawa," alisema Mwalimu upesi, kama aliyekuwa anasubiri kuulizwa. "Ila vyote viwili hapa kwenye kimya."

"Hata cha mzee?"

"Hata cha mzee."

Fundi hakulisikia hilo la mwisho. Alikuwa ameshasikia "viwili", na kichwani mwake mlango wa mkewe ulikuwa unagongwa na watu waliovaa nguo za kulalia, naye hayupo ndani wa kusema ni mimi. Asingekuwa na namna. Kila mtu angejua, na kibaya zaidi, yeye mwenyewe Mwalimu angejua.

"Mimi silali peke yangu," alisema. "Naogopa maji."

Feni ilizunguka.

"Baba," binti yake alisema, "si wewe uliyevuka mto kwa kuogelea ulipokwenda kumposa mama?"

"Ndipo nilipoanza kuogopa."

Wakachukua chumba kimoja.

Kwenye sanduku lake Fundi alipakia suruali nne, na ndani ya kila mguu wa suruali aliviringisha ukanda wa sponji nzito, ile anayowekea makochi ya mahotelini. Walipofika tu chumbani melini, Mwalimu akiwa bado anavua viatu, alipiga magoti akaanza kuijaza kwenye nafasi ya chini ya mlango na pembeni.

"Unafanya nini?"

"Nazuia baridi."

"Baridi ya wapi? Tumo ndani ya chuma."

"Hiyohiyo ya chuma."

Mwalimu alimtazama kidogo, halafu akageuka kutundika magauni.

Kwenye chumba cha chakula walipangiwa meza moja na jirani wao wa mlango wa pili, karani wa mahakama mstaafu, mjane, aliyetembea na pamba masikioni na kuitoa wakati wa kula tu. Fundi alimbatiza Mzee Pamba kabla supu haijafika. Ilipofika, alifanya kama kawaida yake.

"Mzee mwenzangu, kabla hatujafika mbali. Mimi nakoroma. Utanivumilia."

Kijiko cha Mzee Pamba kilisimama njiani. "Unakoroma? Kwenye ujia wetu?"

"Nimezaliwa nalo."

"Mama, pole sana," Mzee Pamba alimwambia Mwalimu.

"Nimeshazoea," alijibu Mwalimu, na kuinamisha macho kwa ule unyenyekevu wa mtu anayepokea pole yake ya haki.

Sponji ilifanya kazi. Mzee Pamba aliamka siku ya pili, ya tatu, ana uso mkunjufu. "Mbona sikusikii?" aliuliza, karibu kwa masikitiko. "Hewa ya bahari," alijibu Fundi, ambaye macho yake yalikuwa yameingia ndani kama vifungo vya kochi. Humu hapakuwa na karakana ya kukimbilia. Alisinzia kwenye viti vya juu, jua likimchoma, akiamshwa na watoto wa watu wanaorushiana maji.

Halafu mhudumu wa vyumba, mtu msafi, aliona takataka za manjano zimejaa mlangoni mwa wageni wake, akaziondoa zote na kupiga deki.

Ilikuwa mchana, baada ya chakula. Mwalimu alikwenda kujinyoosha kidogo, Fundi akapanda kuchota chai. Aliporudi na vikombe viwili, alilisikia kabati likiburutwa tangu mwanzo wa ujia. Na mbele ya mlango wao alisimama Mzee Pamba, amevaa fulana na taulo, pamba ameishika mkononi, sikio kwenye ubao.

"Ahaa," alisema Mzee Pamba pole pole. "Wewe si ndiye unayekoroma?"

"Ndimi."

"Sasa uko hapa."

Fundi aliangalia vikombe vyake. Hilo lilikuwa kweli. Ndani, kabati lilifika ukutani, likanyamaza, likaenda kuwaita wenzake.

"Humo ndani kuna nani?"

Maisha yake yote Fundi alikuwa na jibu moja tu, na mara hii halikufaa. Alitafuta kichwani mtu mzima, wa heshima, asiyeweza kugombezwa.

"Mama mkwe," alisema.

"Mnaye mama mkwe?"

"Hatoki. Umri umekwenda. Na hapendi kusemwa."

Mzee Pamba aliondoa sikio mlangoni kwa haraka, kama aliyekutwa akichungulia. "Nisamehe, ndugu yangu. Sikujua. Na wewe ukajitwika jina lake mbele ya watu! Laiti wakwe wangu wangempata mkwe kama wewe." Akarudisha pamba, akaingia kwake kwa kunyata.

Fundi alibaki ujiani akinywa chai zote mbili.

Jioni alijitahidi kuyaelekeza mazungumzo ya mezani kwenye hali ya hewa. Hayakwenda mbali. Mzee Pamba alisubiri samaki aletwe, akamwinamia Mwalimu, na kwa sauti ya kumsitiri mgonjwa akamuuliza, "Mama hajambo?"

Uma wa Mwalimu ulisimama. "Mama yupi?"

"Mama yako. Bwana amenieleza. Nasikitika kwamba hawezi kuja mezani."

Mama yake Mwalimu alikuwa amezikwa tangu binti yao wa mwisho yuko darasa la kwanza. Fundi aliutazama mchuzi wa samaki wake kama mtu anayetafuta pa kuzamia. Alijua kimya kile. Ndicho ambacho Mwalimu alikitumia kumpata mtupa chaki: hakuuliza, hakukemea, alisubiri tu, mpaka mwenye mkono akajitoa mwenyewe. Aliyahisi macho ya mkewe yakimpitia sikio, shavu, yale mashimo chini ya macho.

"Hajambo," Mwalimu alisema. "Nakushukuru kwa kumuulizia. Huwa anakoroma kidogo, utamvumilia."

"Si kidogo, mama, tusidanganyane. Lakini ni mzazi."

"Ni mzazi." Akamwita mhudumu. "Kijana, nifungie na sahani ya mama. Anapenda samaki asiye na miiba. Na uongeze mkate, ana hamu ya kula."

Walirudi chumbani, Mwalimu mbele na sahani iliyofunikwa, Fundi nyuma na mkate. Mlango ulipofungwa, Mwalimu alikaa kitandani, akafunua sahani, akachukua kipande cha samaki.

"Mama anasema kimepoa," alisema, akala.

Fundi alikuwa bado amesimama. "Tangu lini?"

"Kaa kwanza. Unamsimamia mama yangu kama askari." Akampa mkate. "Tangu mtoto wa pili. Nilijiamsha mwenyewe. Nikasikia mwisho wake, ile sauti, nikajiuliza imetoka wapi. Nikakuona umekaa umeegemea ukuta, macho wazi, unashikilia sponji dirishani kwa mkono, ili jirani asisikie. Nikafumba macho."

"Hukusema."

"Niseme nini? Kesho yake ulimwambia jirani, 'Ni mimi,' kifua mbele, kama umepewa cheo. Nikaona huyu nikimpokonya utrekta wake atabaki na nini?" Alicheka, ile sauti ndogo, halafu kicheko kikapungua. "Na nilipenda zile pole. Nisikudanganye. Kila mtu alinipa pole, nikazizoea."

"Na matone ya puani?"

"Yale niliona yanakufaa mafua."

"Na mpira?"

"Mpira ulikuwa wa shemeji yako, usinisingizie."

Fundi alitafuna mkate. Kulikuwa na kitu kimoja bado hakijakaa sawa, kama pini iliyopita upande wa pili wa kitambaa. "Sasa kama unajua, kile chumba cha kimya ulikitakia nini? Na hawa watu wa kikohozi!"

Mwalimu alifuta vidole kimoja kimoja kwa leso. "Hakikuwa changu. Nilitaka wewe ulale, baba watoto. Wiki moja tu, kama watu. Ndiyo maana nikasema viwili. Mimi wangenisikia, wangenisikia; nisingewaona tena. Ukasema unaogopa maji."

Kweli meli ilikuwa imetulia mle ndani, hata mawimbi hayakuhisiwa. Fundi alifikiria ile miaka, wawili wamelala kitanda kimoja, mmoja anajifanya trekta na mwingine anajifanya hajui, na wote wakidhani wako peke yao. Hakujua acheke au afanye nini. Alimaliza samaki wa mama mkwe.

Kesho yake mchana, Mwalimu alivuta kiti mpaka mlangoni, akaketi na kitabu. "Lala," alisema.

"Na wewe?"

"Mama yangu leo hana usingizi. Lala wewe."

Alijilaza kwa ajili ya kumridhisha tu. Godoro lilikuwa zuri, sponji ya daraja la kwanza, akanuia kuliminya ajue uzito wake. Hakukumbuka kama aliliminya. Alipofumbua macho, taa ya jioni ilikuwa inawaka, mdomo umemkauka, na Mwalimu bado yuko kwenye kiti, kitabu kimefungwa magotini, anamtazama kwa uso ambao Fundi hakuwahi kuuona.

"Nini?"

"Hakuna kitu. Vaa shati, chakula kiko tayari."

Mezani, Mzee Pamba hakugusa supu. Alionekana ana jambo zito. Aliitoa pamba sikio moja, akaitoa na la pili, akaiweka kando ya sahani.

"Mwalimu," alisema, "sipendi kuingilia ya nyumba za watu. Lakini mama hali yake si nzuri. Leo sauti imebadilika kabisa. Nzito! Ya kiume! Nimekaa ukumbini mchana kutwa na bado nadhani naisikia. Mwonesheni daktari."

Fundi aliweka kijiko chini. Alifungua mdomo aseme, "Ni mimi," na kwa mara ya kwanza katika maisha yake yangekuwa maneno ya kweli.

Mwalimu alimkanyaga mguu chini ya meza.

"Nitamwambia," alimjibu Mzee Pamba, na kuinamisha macho. "Ila ndiyo hivyo, baba. Amezaliwa nalo."